Shinawatra na siasa za nomini Thailand: mtu anashindaje uchaguzi akiwa Dubai?

Ukifuatilia habari za Thailand utakuta kuna jina moja halitoki kwenye vichwa vya habari toka 2001, nalo ni Shinawatra, na kama hukuanza nayo mwanzo lazima uchanganyikiwe, maana mwenye jina alipinduliwa 2006, akaishi nje ya nchi karibu miaka 15 mfululizo, vyama vitatu vya upande wake vikafutwa na mahakama, na bado shemeji yake, dada yake na binti yake wote wakaja kuwa mawaziri wakuu kwa nyakati tofauti. Wengi wakifika hapo wanasema tu "siasa za kifamilia hizo" wanapita zao. Ila familia peke yake haitoshi kueleza, Thailand familia zenye hela na majina makubwa zimejaa na hazishindi uchaguzi wa nchi nzima. Dhana ya kuielewa kwanza ni hii ambayo Wathai wenyewe wanaiita nomini, yaani mtu anayewekwa jina lake mbele wakati mwenye mali yuko nyuma. Ni kama gari ambalo kadi ina jina la shemeji lakini mtaa mzima unajua la nani.

Na kwa Thaksin Shinawatra hii kitu ilianzia kwenye hisa, siasa ikafuata. Huyu bwana ni mtu wa Chiang Mai kule kaskazini, ukoo wao ulijulikana kwa biashara ya hariri, babake aliwahi kuwa mbunge, yeye mwenyewe akaanza kama polisi halafu akaingia kwenye mawasiliano akawa bilionea kupitia Shin Corp, ndo wenye ile kampuni ya simu ya AIS. 1998 akaanzisha chama chake, Thai Rak Thai. Sasa kabla tu ya uchaguzi wa Januari 2001 tume ya kupambana na rushwa ikamkuta na kosa la kutotangaza mali zake zote, kwamba kuna hisa nyingi tu zilikuwa zimeandikishwa kwa majina ya watu wa nyumbani kwake, wakiwemo mfanyakazi wa ndani na dereva. Akajitetea kwamba ilikuwa ni kupitiwa tu, hakukusudia. Agosti mwaka huo, tayari akiwa waziri mkuu, Mahakama ya Katiba ikamwachia kwa kura 8 dhidi ya 7. Kura moja tu, ingeenda upande wa pili historia yote ya Thailand ya miaka 20 na zaidi iliyofuata ingekuwa nyingine kabisa.

Lakini nomini haina maana kama hakuna mali ya kuandikisha, na mali ya Thaksin kwenye siasa ni kura za watu wa kaskazini na wa Isaan, kaskazini mashariki, ukanda wa wakulima wenye karibu theluthi ya watu wote wa nchi. Hizi kura alizipataje? Hapa nitakaa kidogo kwa sababu wasomi na matajiri wa Bangkok wamesema kwa miaka mingi kwamba wale wa vijijini wananunuliwa, hawajui wanachopigia kura, na mimi naona hayo ni matusi tu. Chukua ule mpango wa afya wa baht 30. Kabla yake mkulima akiugua vibaya familia inauza nyati, inakopa, inaweka shamba rehani. Baada ya hapo unakwenda na kadi yako hospitali ya wilaya, unalipa baht 30, hela isiyozidi dola moja, unatibiwa, iwe homa au upasuaji. Juu yake kuna mfuko wa baht milioni moja kwa kila kijiji wa kukopeshana, na wakulima wakasimamishiwa kulipa madeni kwa muda. Mtu ambaye mamake katibiwa kwa baht 30 anajua vizuri sana kwanini anakipigia chama fulani. 2005 wakampa Thaksin viti 375 kati ya 500, kitu ambacho hakikuwahi kutokea nchini kwao.

Na hapohapo lazima lingine lisemwe, kwa sababu waliokufa nao ni watu. Vita yake dhidi ya dawa za kulevya ya 2003 iliacha maiti zaidi ya 2,000 ndani ya miezi michache, wengi hawakufikishwa hata mahakamani. 2004 kule Tak Bai kusini waandamanaji Waislamu walilazwa mmoja juu ya mwingine kwenye malori ya jeshi, 78 wakafa njiani, wengi kwa kukosa hewa. Isitoshe binamu yake alikuwa ameshawekwa mkuu wa jeshi la nchi kavu 2003, na Januari 2006 familia ikauza hisa zao za Shin Corp kwa Temasek, kampuni ya uwekezaji ya serikali ya Singapore, kwa kama baht bilioni 73 bila kulipa kodi. Bangkok ikalipuka, watu wakavaa mashati ya njano, rangi ya mfalme, na tarehe 19 Septemba 2006 Thaksin akiwa New York kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa vifaru vikaingia mjini.

Wanajeshi walidhani wamemaliza kazi. Mei 2007 mahakama ikakifuta Thai Rak Thai na viongozi wake 111 wakafungiwa siasa miaka mitano. Sasa fikiria hapo, una mamilioni ya wapiga kura ambao hawajabadili mawazo, una hela, una mtandao wa wabunge, ila chama hakipo na kila mwenye jina kafungiwa. Utamweka nani? Unahitaji mtu asiye kwenye orodha ya waliofungiwa, ambaye mpiga kura akimwona tu anajua huyu ni wa nani, na ambaye wewe uliye mbali una uhakika hatakugeuka akishaonja madaraka. Mwanasiasa wa kawaida ana sifa moja au mbili kati ya hizo, ndugu wa damu anazo zote tatu. Mahakama inaweza kufuta chama kwa asubuhi moja, jina la ukoo hakuna sheria ya kulifuta, na kila chama kilipofutwa jina ndo lilibaki alama pekee ambayo bibi wa Udon Thani kule Isaan anaitambua. Kwa maoni yangu waliotaka kumwondoa Thaksin kwa njia za mkato ndo waliomjengea huo ukoo, Thai Rak Thai ingeachwa ishindwe kwa kura kama vyama vingine pengine leo tusingekuwa tunaongelea watoto na wapwa.

Nomini wa kwanza hakuwa ndugu. Samak Sundaravej, mwanasiasa mkongwe, alichukua chama kipya cha People's Power na akasema waziwazi kwamba yeye ni nomini wa Thaksin, akashinda Desemba 2007. Septemba 2008 mahakama ikamtoa kwa kosa la kulipwa kwenye kipindi cha mapishi cha televisheni wakati ni waziri mkuu. Akaja Somchai Wongsawat, mume wa Yaowapa ambaye ni dada wa Thaksin, huyu hata ofisi ya waziri mkuu hakuwahi kuikalia maana mashati ya njano walikuwa wamepiga kambi humo, akafanyia kazi uwanja wa ndege wa zamani wa Don Mueang. Desemba chama kikafutwa naye akaondoka. Thaksin mwenyewe alikuwa amerudi mapema mwaka huo, Agosti akaenda kuangalia Olimpiki ya Beijing na hakurudi tena, muda si mrefu akahukumiwa miaka miwili bila kuwepo kwa kesi ya kiwanja cha serikali alichonunua mkewe. Akaishia Dubai. Kutoka huko akawa anapiga simu kwenye mikutano ya mashati mekundu, yaani wafuasi wake, sauti inatoka kwenye spika watu wanashangilia. Wekundu haohao ndo 2010 jeshi liliwatawanya kwa risasi pale Ratchaprasong katikati ya Bangkok, mwaka ule zaidi ya watu 90 walikufa.

Ila ukitaka kuona nomini ikifanya kazi kwa ukamilifu wake angalia 2011. Chama sasa kinaitwa Pheu Thai na Mei wanamtangaza Yingluck, mdogo wake Thaksin, mwanamke wa biashara ambaye hajawahi kugombea hata udiwani, na chini ya miezi miwili baadaye wanashinda viti 265 kati ya 500. Hawakuficha chochote, kauli mbiu yao ilikuwa Thaksin anafikiri, Pheu Thai inatenda, na kaka mtu akamwita dada yake nakala yake. Mawaziri na wabunge wakawa wanapanda ndege kumfuata alipo au anaingia kwenye vikao kwa Skype. Kwa hiyo wanaosema wapiga kura walidanganywa na mgombea wa bandia nawashangaa, kila mtu alijua anampigia nani, na ndo maana walimpigia.

Kilichowatesa ni kwamba mwenye mali akiwa mbali anaanza kuitumia serikali kwa shida zake mwenyewe. Novemba 2013, saa kama kumi alfajiri, bunge likapitisha sheria ya msamaha ambayo ingemrudisha Thaksin nyumbani bila jela, na sheria hiyohiyo ingewasamehe pia waliotoa amri ya kupiga risasi 2010. Yaani familia ya mtu aliyeuawa kwa ajili ya Thaksin inaambiwa muuaji asamehewe ili Thaksin arudi. Hapo hata wekundu wengi waliumia. Senati ikaikataa lakini Bangkok ilishajaa waandamanaji, na wakati huohuo mpango wa kununua mpunga wa wakulima kwa baht 15,000 kwa tani, juu sana ya bei ya soko, ukaishiwa hela, wakulima waliouza wakakaa miezi bila kulipwa. Mei 2014 mahakama ikamtoa Yingluck na wiki mbili baadaye Jenerali Prayut, mkuu wa jeshi, akapindua kilichobaki. 2017 Yingluck akatoroka kabla ya hukumu, akapewa miaka mitano jela kwa uzembe kwenye huo mpunga. Angalia tofauti na hisa hapo, hisa ukiiandika jina la dereva dereva haendi jela, ila kwenye siasa nomini ndo anakuwa wa kwanza kuadhibiwa.

2019 napita haraka, Pheu Thai waliongoza kwa viti 136 ila katiba mpya ya wanajeshi iliweka maseneta 250 wa kuteuliwa wanaopiga kura ya waziri mkuu, Prayut akaendelea.

Halafu 2023 ndo kitu kikavunjika. Safari hii mbele kawekwa Paetongtarn, binti wa mwisho wa Thaksin, alifanya kampeni akiwa mjamzito na akajifungua wiki mbili kabla ya kura. Kwa mara ya kwanza toka 2001 upande wa Thaksin haukuongoza: Move Forward, chama kilichobebwa na vijana, viti 151, wao 141, na hata Chiang Mai nyumbani kwao viti vingi vilichukuliwa na hao vijana. Maseneta wakawazuia Move Forward, na Pheu Thai, ambao kwenye kampeni waliapa hawatakaa na vyama vya majenerali, wakakaa nao. Agosti 22, asubuhi Thaksin anatua Don Mueang na ndege binafsi, jioni bunge linamchagua Srettha Thavisin wa Pheu Thai kuwa waziri mkuu. Miaka minane ya kifungo aliyohukumiwa kwa kesi nyingine akiwa nje, mfalme akaipunguza ikawa mmoja, na Thaksin usiku wa kwanza tu alihamishiwa ghorofa ya 14 ya hospitali ya polisi, hakulala gerezani mpaka anatolewa kwa parole Februari 2024. Wengi waliobeba mabango yake miaka yote waliliona hilo kama biashara, kura zao ndo bei ya tiketi ya mzee kurudi, na mimi sioni namna ya kulieleza tofauti.

Srettha hakukaa mwaka, mahakama ilimtoa Agosti 2024 kwa kumpa uwaziri wakili wa zamani wa Thaksin aliyewahi kufungwa kwa dharau ya mahakama, kesi ya mfuko wenye baht milioni 2 uliopelekwa kwa maofisa wa mahakama. Siku mbili baadaye Paetongtarn akachaguliwa akiwa na miaka 37. Kilichomwangusha ni simu. Juni 2025 mpaka wa Thailand na Cambodia umechafuka, naye anaongea na Hun Sen, waziri mkuu wa zamani wa Cambodia na rafiki wa baba yake wa miaka mingi, anamwita anko, anamwambia kamanda wa jeshi la mkoa ule ni wa upande pinzani, na kama kuna unachotaka niambie nitashughulikia. Hun Sen akaimwaga yote mtandaoni. Ukisikiliza unamsikia binti anaongea na rafiki wa baba, kwa lugha ya sebuleni, wakati nchi mbili ziko karibu kupigana, na Julai kweli zikapigana. Agosti 29 mahakama ikamtoa. Thaksin akaruka kwenda Dubai, akarudi, na Septemba 9 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kukaa hospitali hakukuwa kifungo, akapelekwa gereza la Klong Prem akaanze mwaka wake.

Ukihesabu, mawaziri wakuu sita kutoka upande huu toka 2001, mmoja alitolewa na jeshi na watano na mahakama, hakuna hata mmoja aliyetolewa na wapiga kura. Na kuelekea uchaguzi wa Februari 2026 Pheu Thai walipomtangaza mgombea wao mkuu, alikuwa ni profesa wa uhandisi wa tiba kutoka chuo kikuu cha Mahidol, Yodchanan Wongsawat, mtoto wa Somchai na Yaowapa.