Saa 96 ndani ya tangi: yanayodhaniwa na yaliyo kweli kuhusu kupima sumu kwa samaki

Vibandiko vya viuatilifu vingi vina mchoro mdogo wa samaki. Onyo hilo kwa kawaida hutokana na jaribio linalofuata mwongozo namba 203 wa OECD, jumuiya ya nchi zinazoshirikiana kiuchumi, uliotolewa mwaka 1981 na kurekebishwa 1992 na 2019. Linajibu swali moja tu: ni kiwango gani cha kemikali ndani ya maji kitaua nusu ya samaki kwa saa 96? Jibu lake huitwa LC50, na watu hulibebesha mengi lisiyoyasema.

Dhana: Unamimina dawa kwenye ndoo, unangoja uone kama samaki watakufa.

Ingekuwa hivyo, kila mvuvi haramu angekuwa mtaalamu wa sumu. Jaribio lenyewe linataka viwango visivyopungua vitano vinavyopanda kwa ngazi, kila kimoja kisizidi mara 2.2 ya kile cha chini yake, na samaki wasiopungua 7 katika kila kiwango. Pembeni kunakuwa na tangi la samaki wasiowekewa kemikali. Muda wote huo samaki hawalishwi. Hukaguliwa kila siku hadi saa ya 96, na samaki huhesabiwa amekufa pale mashavu yanapoacha kupumua na akiguswa karibu na mkia asitikisike. Wakifa zaidi ya asilimia 10 katika tangi lisilo na kemikali, jaribio zima halifai, hata kama namba za matangi mengine zinapendeza.

Maji nayo hupimwa, kwa sababu ulichomimina si lazima ndicho kilichobaki. Kemikali nyingine hung'ang'ania kioo, nyingine hupaa, nyingine huvunjika kabla ya kesho yake.

Dhana: LC50 ni kiwango salama, na namba ikiwa ndogo ndiyo nafuu.

Ni kinyume chake, mara mbili. Kwa kiwango hicho nusu ya samaki wamekufa, kwa hiyo hakuna usalama wowote hapo. Na namba ikiwa ndogo ina maana kidogo tu kinatosha kuua. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali, yenye LC50 isiyozidi miligramu 1 kwa lita huwekwa katika daraja la 1, lenye sumu kali kuliko yote kwa viumbe vya majini.

Dhana: Kisichomdhuru mtu hakimdhuru samaki, hasa kikiwa cha asili.

Hapa ndipo makosa yanapogharimu. Deltamethrini na permethrini, dawa za kuua wadudu, hutumika kwenye vyandarua ambavyo watoto wetu hulala ndani yake kila usiku bila kudhurika. Kwa samaki ni habari nyingine kabisa: LC50 ya deltamethrini kwa trauti, samaki wa maji baridi, iko chini ya mikrogramu 1 kwa lita. Piga hesabu. Gramu moja ikisambaa sawasawa, lita milioni moja za maji zinafika mikrogramu 1 kwa lita. Samaki huivuta kupitia mashavu moja kwa moja hadi kwenye damu, na mwili wake huivunja polepole mno ukilinganisha na wetu. Ziwani au bwawani sehemu kubwa hunasa kwenye tope, hivyo makali hupungua, lakini hiyo si ruhusa ya kufulia chandarua kipya mtoni wala kuvulia dagaa.

Kuhusu vya asili, waulizeni wazee wa mtoni habari za utupa. Majani yake yalipondwa na kutiwa kwenye dimbwi, samaki wakaelea, watu wakala. Ndani yake kuna kemikali za jamii ya rotenoni, ambazo huzuia chembe za mwili (seli) kutumia oksijeni. Samaki hukosa pumzi katikati ya maji yenye hewa ya kutosha.

Dhana: Samaki wakielea, basi kuna aliyemwaga sumu.

Huenda. Ila muuaji wa kawaida ni ukosefu wa oksijeni. Machi 2022 samaki wengi walipokufa Mto Mara upande wa Tanzania, kamati ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza, na mitandaoni watu wakacheka. Kuhoji ni haki yao, lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu mto huohuo, upande wa Kenya, ulionyesha kwamba viboko zaidi ya 4,000 hurundika kinyesi kwenye madimbwi. Mto ukifurika na kukisukuma chote kwa mpigo, oksijeni hushuka na samaki hufa. Bila oksijeni kupimwa siku ileile na sampuli za maji kuchukuliwa mapema, kila upande utabaki na hadithi yake.

Maabara huziba mwanya huo mapema: oksijeni katika tangi haitakiwi kushuka chini ya asilimia 60 ya kiasi ambacho maji yanaweza kubeba.

Dhana: Samaki ni samaki, maji ni maji.

Kambale anapumua hewa ya juu pia na huvumilia maji ambayo trauti hamalizi nayo siku. Shaba huua zaidi katika maji laini, yenye madini machache, kuliko maji magumu. Amonia huwa kali zaidi asidi ya maji inapopungua, yaani pH inapopanda. Ndiyo maana ripoti isiyotaja aina ya samaki, joto, pH na ugumu wa maji haina thamani.

Dhana: Wamemaliza saa 96 wakiwa hai, basi ni salama.

Siku nne hazionyeshi mayai yasiyoanguliwa wala sumu inayojilimbikiza mwilini kwa miezi. Kuna majaribio mengine kwa hayo. Na wanaofuga samaki kisimani ili wajue maji yanafaa kunywa wajue kwamba samaki hasemi lolote kuhusu vimelea vya kipindupindu.

Dhana: Hakuna njia nyingine ila kuua samaki.

Zipo. Tangu 2013 kuna mwongozo namba 236, unaotumia viinitete vya Danio rerio, kisamaki chenye mistari kama pundamilia, na tangu 2021 namba 249, unaotumia chembe za mashavu ya trauti zilizokuzwa maabara.