Kukohoa, kikohozi, makohozi: maneno ya familia moja ila sio kitu kimoja

Kukohoa kila mtu anakujua, hewa inatoka kifuani kwa nguvu na sauti inasikika, mtoto mchanga anakohoa, mbuzi anakohoa, mtu hahitaji kamusi. Lakini hili neno na ndugu zake tunayachanganya sana, na kuna sehemu moja ukichanganya unaweza kuumia kweli, ndo maana nimeamua niandike.

Kukohoa ni kitendo, basi. Chai ikipita njia isiyo yake umepaliwa, utakohoa mpaka machozi yatoke na hakuna atakayesema una kikohozi. Kikohozi ndo ugonjwa, kinakushika, kinakubana, usiku hulali. Kuna kikavu kile cha kukwaruza koo bila kutoa kitu, na kuna chenye makohozi. Mtaani wengi hata hatusemi kikohozi, tunasema "mtoto ana kifua", sasa hapo uliza vizuri maana kifua kinaweza kuwa mafua tu, inaweza kuwa pumu, na wengine wakisema kifua wanamaanisha kifua kikuu ila hawataki kulitaja jina lote. Alafu kuna kifaduro, mtoto anakohoa mfululizo mpaka pumzi inaisha na akivuta hewa inatoka kama mlio, hicho usikiweke kundi moja na mafua, ni bakteria, na kinga yake imo kwenye ile chanjo ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwa hiyo usiruke hata moja.

Kuna na kukohoa kusiko na ugonjwa, na mimi naona huku ndo lugha yenyewe ilipo. Mtu akijikohoza anakuambia kitu bila kufungua mdomo. Choo cha nje kisicho na komeo, ukisikia nyayo zinakuja unakohoa kidogo, aliye nje anaelewa ndani kuna mtu, anarudi zake. Baba mkwe akikaribia uani anakohoa kabla hata ya hodi ili waliomo wajiweke sawa. Kwenye kikao mzee akijikohoza watu wananyamaza, anataka kusema. Ndo maana mtu aliyebanwa tunasema hata kukohoa hathubutu, yaani sauti ndogo kuliko zote nayo amenyimwa.

Na wahenga wakasema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, utaikuta mpaka kwenye kanga. Mapenzi sawa, lakini kikohozi chenyewe siku hizi watu wanajitahidi sana kukificha, mtu anakohoa karibu miezi miwili anasema ni vumbi, ni AC ya ofisini, anabadilisha dawa za dukani tu. Kikohozi kikifika wiki mbili nenda kapime kifua kikuu, usisubiri mpaka ukohoe damu au nguo zianze kukupwaya. Dawa zake kwenye vituo vya serikali hapa Tanzania ni bure, na kwa wengi matibabu ni miezi 6.

Sasa ile sehemu niliyosema. Ukifika kituoni kupima utapewa kikopo chenye kifuniko uambiwe lete makohozi. Mama yangu mdogo alipewa hicho kikopo, akakirudisha kimejaa mate, kipimo hakikuonyesha kitu akarudi nyumbani na amani, miezi imepita ndo akaambiwa alete tena na safari hii akaelekezwa vizuri, ugonjwa ukaonekana. Hakuna aliyekuwa amemwambia tofauti. Mate yanatoka mdomoni, ni mepesi, yana povu. Makohozi yanatoka ndani kifuani, ni mazito, yanavutika, na vijidudu vya kifua kikuu vinatafutwa humo. Asubuhi ukiamka, kabla hujala, sukutua kwa maji, toka nje mbali na watu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu alafu kohoa kutoka chini kabisa, mpaka usikie kitu kimepanda, hicho ndo unatemea kwenye kikopo. Ukiona umetema mate tu, rudia.

Hayo makohozi ndo yanaingizwa kwenye mashine au yanaangaliwa kwa hadubini, na pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), kuna panya buku waliofundishwa kuyanusa, mmoja anapitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, wanakamata na wagonjwa ambao hadubini iliwapita. Lakini panya au mashine, vyote vinategemea wewe umeweka nini kwenye kikopo.

Na ukiwa Zanzibar au pwani ukasikia belghamu usibabaike, ni hayo hayo makohozi, sio mate.