Kimiranda si Kireno kilichoharibika

Kaskazini-mashariki kabisa mwa Ureno, pale mto Douro unapokuwa mpaka na Hispania, kuna vijiji ambavyo wazee wake bado wanasemezana Kimiranda. Nimebobea katika lugha zilizozaliwa na Kilatini, na swali ninaloulizwa kila mara ni kama hicho si Kireno cha mashambani tu. Sicho. Ndugu zake wa tumbo moja wako ng'ambo ya mpaka, Kiasturia na Kileoni. Kireno na Kihispania ni binamu.

Chukua neno la mwezi. Warumi walisema luna. Kireno kikaidondosha n iliyo kati ya irabu, kikabaki na lua. Kimiranda kiliishika n hiyo, kikageuza l ya mwanzo: lhuna, ulimi ukigusa kaakaa. Waasturia huandika lluna. Mbwamwitu naye ni lobo kwa Kireno, lhobo kwa Kimiranda, llobu kwa Kiasturia. Lakini fika Sendim, mji mdogo wa hukohuko, usikie luna na lobo, na wasemaji ni Wamiranda halisi! Lugha ndogo namna hii, bado ina lahaja zake.

Chanzo cha undugu huu ni Zama za Kati, watu wa ufalme wa León walipolowea eneo hilo. Mpaka ukaja kuwaacha upande wa Ureno. Wasomi hawakuwa na habari za Kimiranda hadi 1882, José Leite de Vasconcelos alipoanza kuandika juu yake.

Wenyeji wenyewe walikuwa wamefundishwa kukionea haya. Kireno walikiita fala grabe, usemi wa waungwana, na chao fala charra, usemi wa washamba. Kisha katika miaka ya 1950 na 1960 yakajengwa mabwawa ya umeme ya Picote, Miranda na Bemposta. Wafanyakazi wakamiminika na Kireno chao, na wazazi wengi wakaacha kuwasemesha watoto Kimiranda. Kwa maoni yangu, hilo ndilo pigo kubwa kuliko yote.

Sheria namba 7 ya 1999 ilikitambua rasmi. Amadeu Ferreira, aliyefariki 2015, alikitafsiria hata Os Lusíadas, utenzi mkuu wa Wareno. Shule za Miranda hukifundisha tangu miaka ya 1980, ila kama somo la hiari, na mtoto akitoka darasani anarudi kwenye nyumba inayozungumza Kireno. Ningekuwa na uwezo, ningeanza na nyumba hizo, na bibi na babu ambao bado wanakijua.