Namba nzuri iliyonitia wasiwasi

Mzee mmoja mwenye kisukari cha miaka mingi aliletwa kliniki na binti yake. Alikuwa na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu, na mwezi wa pili ulikuwa unakatika bila kufunga.

"Mzee wangu, ukitembea miguu haikuumi?"

"Hata kidogo, daktari. Ina ganzi tu."

Binti akanipa karatasi: "Walishampima, wakasema damu inashuka vizuri." Presha ya kifundo cha mguu ikigawanywa kwa presha ya mkono ilikuwa 1.45. Ikiwa 0.90 au chini yake, tunajua ateri za mguu, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, zimeziba, kwa hiyo 1.45 iliwafurahisha. Mimi ilinitia wasiwasi.

Mkanda wa presha hufanya kazi kwa kuubana mshipa mpaka damu isimame. Mshipa laini hubonyea. Lakini kisukari, maradhi ya figo na uzee huweza kujaza kalsiamu kwenye tabaka la kati la ateri, ukuta ukakakamaa kama bomba. Mkanda unajaa upepo, mshipa haubonyei, namba inapanda. Tulikuwa tumepima ugumu wa ukuta tukadhani tumepima damu! Ndiyo maana namba ikizidi 1.40 nahamia kupima presha ya kidole cha mguu, nikiigawanya vilevile kwa presha ya mkono, ambako mishipa midogo mara nyingi haijakakamaa kiasi hicho. Hapo, chini ya 0.70 ni dalili mbaya. Mzee alikuwa na 0.38.

Ugumu huo hauishii kuharibu vipimo. Ateri kuu yenye afya hutanuka moyo unaposukuma, kisha hujikunja taratibu na kuendelea kuisukuma damu moyo unapopumzika. Ikikakamaa, wimbi la mapigo linalokwenda kama mita 5 kwa sekunde ujanani huweza kupita mita 10, na kila pigo linafika chini kwa kishindo.

Kuna pia suala la mkondo wenyewe. Damu inayopita moja kwa moja hupapasa utando wa ndani wa mshipa, nao hutoa naitriki oksaidi inayoulegeza na kuulinda. Kwenye njia panda za ateri mkondo hujizungusha na kurudi nyuma, mpapaso unapungua, lehemu (kolesteroli) inapenya chini ya utando. Sehemu nyingine ninayokuta imeziba mara kwa mara ni chini ya paja, ateri inapopenya kati ya misuli kuelekea nyuma ya goti. Na hesabu yake ni kali: nusu ya upana ikipotea, kwa msukumo uleule hupita sehemu moja tu kati ya 16 ya damu.

Mwingine angebanwa na kigimbi kila akitembea, akasimama njiani mpaka maumivu yaishe, akaja hospitali mapema. Mzee alinyimwa hata onyo hilo, kwa kuwa kisukari kilishaua hisia za miguu.

Nikamweleza binti kwa nini namba ile haikuwa habari njema, na siku hiyohiyo nikaomba picha ya ateri za mguu.