OpenBSD kwenye VPS: shughuli iko mlangoni

Ukifungua ukurasa wa kukodi VPS, yaani seva pepe ya mtandaoni, orodha ya mifumo endeshi utakayoikuta karibu yote ni ya ukoo mmoja, wa Linux: Ubuntu, Debian, AlmaLinux, Rocky. Asiye na makuu anabofya Debian, maisha yanaendelea. Mimi seva zangu ndogo, za barua pepe, DNS na tovuti nyepesi, naziweka kwenye OpenBSD, mfumo endeshi wa ukoo mwingine, wa BSD. Swali ninaloulizwa sana ni hili: utaisakinishaje kama haimo kwenye orodha?

Mara nyingi inawezekana. VPS nyingi siku hizi zinaendeshwa kwa KVM, teknolojia ya Linux ya kuendesha mashine pepe, na OpenBSD ina draiva za virtio, yaani za vifaa pepe vya mashine hizo: kadi ya mtandao inajitokeza kwa jina vio0, diski kwa jina sd0. Kama kampuni inakuruhusu kuchomeka ISO yako (faili ya diski ya usakinishaji), mambo ni mepesi. Kama hairuhusu, tafuta kwenye paneli kitufe cha hali ya uokoaji. Hapo seva inawaka na Linux ndogo inayoishi kwenye RAM, diski yako ikiwa imelala bila kazi. Ingia kwa SSH, pakua miniroot (picha ndogo ya diski yenye kisakinishi cha OpenBSD; 77 hapa chini ni toleo la 7.7, weka namba ya toleo lililopo), linganisha alama yake ya SHA256 na ile iliyotangazwa na mradi, kisha:

dd if=miniroot77.img of=/dev/vda bs=1M
sync

Hakikisha kwanza kwa lsblk kwamba diski ni vda na si sda, maana dd haiulizi mara mbili. Baada ya hapo zima hali ya uokoaji, washa seva upya na ufungue konsoli ya VNC, yaani skrini ya seva unayoiona kwa mbali. Utamkuta kisakinishi anakusubiri.

Wengi hujiuliza hivi: kisakinishi kimewaka kutoka diski hiyohiyo, sasa kitaifutaje? Fundi habomoi sakafu aliyoisimamia. Jibu ni kwamba kerneli yake (kiini cha mfumo), bsd.rd, imebeba mfumo mzima wa faili ndani yake na ikishawaka inakaa yote kwenye RAM. Diski inabaki huru kugawanywa upya. Faili zilizobaki seva inazivuta yenyewe kutoka cdn.openbsd.org na kuzihakiki sahihi, kwa hiyo bando lako la nyumbani haliguswi.

Mtandao ndio unaokwamisha watu. Pale DHCP, inayoipa seva anwani yenyewe, inapofanya kazi, shukuru na upite. Lakini zipo kampuni zinazokupa anwani ya /32 (mtandao wa anwani moja tu) na lango lililo nje kabisa ya mtandao wako. Linux umezoea kuiambia onlink. OpenBSD inataka uiambie kwanza kwamba lango linafikika moja kwa moja kupitia vio0, ndipo uweke njia kuu. Amri hizo zinakaa ndani ya /etc/hostname.vio0, kila mstari ukianza na alama ya mshangao. Kwa IPv6, lango likiwa fe80::1, kwenye /etc/mygate usisahau kuandika fe80::1%vio0. Bila hicho kimkia, anwani haijulikani ni ya kadi ipi.

Kwenye kugawa diski, ukiwa na GB 20 hivi, usikubali tu mgao wa kisakinishi. Bonyeza E uurekebishe: futa /usr/src na /usr/obj kama hutajenga mfumo kutoka chanzo, na uipe /usr nafasi ya kupumua. Ikijaa, matoleo mapya yatakwama. (Na tafadhali acha seti za X, mfumo wa madirisha, zisakinishwe hata kama hutaona dirisha milele. Zipo programu za seva zinazotegemea maktaba zake.)

Ukishaingia, angalia hili mapema: umelipia CPU mbili, top inaonyesha moja. Kampuni haijakuibia. Tangu toleo la 6.4 la mwaka 2018, OpenBSD inazima nyuzi pacha za prosesa kwa sababu za usalama, na baadhi ya VPS hutangaza CPU zake kama nyuzi hizo. Linganisha hw.ncpufound na hw.ncpuonline. Ukiamua kuwasha, weka hw.smt=1 kwenye /etc/sysctl.conf. Jambo jingine, kerneli inaunganishwa upya kwa mpangilio wa kubahatisha kila seva inapowaka, na kwenye VPS ya MB 512 utaona CPU ikihema kidogo baada ya kuwasha. Iache imalize.

Baada ya hapo kazi inapungua mno. Toleo jipya hutoka kila miezi sita. syspatch inaleta viraka, sysupgrade inapakua toleo jipya, inawasha seva, inasasisha na kuiwasha tena bila kukuuliza kitu. Wewe unamalizia na pkg_add -u, inayosasisha programu ulizoongeza. Nimezoea kukaa na konsoli ya VNC ikiwa wazi wakati huo, lakini mara nyingi sina la kufanya ila kutazama.

Kama unategemea Docker, programu ya makontena, usipoteze muda, haipo huku. Anayetaka ZFS (mfumo wa faili) na jails (vyumba vya kutenga programu) aende FreeBSD, nayo inaingia kwenye VPS vizuri tu. Na kabla ya kulipia popote, uliza kama wana konsoli inayofanya kazi hata SSH ikiwa imekufa. FFS, mfumo wa faili wa OpenBSD, haina jarida la mabadiliko (journal). Seva ikizimwa ghafla, fsck, mkaguzi wa diski, hupita yenyewe mara nyingi, ila siku ikigoma mfumo unasimama kabla mtandao haujawaka, na ni lazima mtu aandike fsck -y kwa mkono.