Kielelezo ni nini katika shauri la mpangaji na mwenye nyumba

Tuchukue mpangaji wa fremu pale Mwanjelwa, Mbeya. Alinunua saruji, bati na mlango wa chuma kwa makubaliano ya mdomo kwamba gharama zitakatwa kwenye kodi. Sasa mwenye fremu amempeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, anamdai kodi ya miezi sita na anataka atoke. Mpangaji ameambatanisha nakala za risiti zote kwenye majibu yake ya maandishi. Siku ya kusikilizwa anaeleza habari yake vizuri, anakaa. Risiti hakuzigusa, na hukumu inapotoka, hazimo.

Karatasi iliyoshikizwa kwenye maombi au majibu ni kiambatanisho tu. Inageuka kielelezo pale shahidi aliyekwisha kula kiapo anapoitambua, anaomba ipokelewe, upande wa pili unaulizwa kama una pingamizi, kisha mwenyekiti anaipokea na kuipa alama. Ikishapokelewa, isomwe ili yaliyomo yasikike na wote. Ikikosa kupita huko, baraza haliwezi kuitegemea hata kama imo ndani ya jalada. Inauma kuona mtu mwenye haki akishindwa kwa sababu hakuna aliyemwambia hilo mapema.

Jambo la pili ni kielelezo kinathibitisha nini. Kanuni ni kwamba anayedai jambo ndiye wa kulithibitisha, na katika shauri la madai hushinda upande ambao ushahidi wake una uzito zaidi. Mwenye fremu athibitishe upangaji na kodi anayodai. Mpangaji athibitishe malipo aliyofanya na yale makubaliano ya ukarabati. Hapa wengi hujikwaa: risiti ya bati inaonyesha kwamba bati lilinunuliwa, haionyeshi kwamba mwenye fremu alikubali kukata kodi. Pengo hilo hujazwa na ujumbe wa simu walioandikiana, au na fundi aliyekuwepo wakipatana. Na fundi aje mwenyewe. Ukisema "fundi aliniambia", huo ni ushahidi wa kusikia, yaani maneno ya mtu ambaye hayupo barazani kuulizwa.

Simu nayo ina habari yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki, ila baraza litapima ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama unaaminika. Kwa hiyo usifute mazungumzo, hata yale yanayokuudhi, na usitegemee skrinishoti iliyokatwa katikati. Ukichapisha, simu yenyewe ije nayo, nawe uwe tayari kueleza namba ni za nani na nani alichapisha.

Malipo ya simu yananipa wasiwasi zaidi, maana wapangaji wengi hutuma kodi kwenye namba ya mke au mtoto wa mwenye nyumba. Jina kwenye muamala linakuwa la mtu mwingine kabisa. Nenda duka la kampuni ya simu uombe taarifa ya miamala iliyogongwa muhuri, kisha utafute ule ujumbe ambao mwenye nyumba alisema "tuma kwa namba hii". Bila ujumbe huo, taarifa ya miamala inaweza kukataliwa kirahisi kwamba lilikuwa deni jingine.

Kuhusu mkataba wa maandishi, muhuri wa serikali ya mtaa haulipii ushuru wa stempu. Ushuru huo hulipwa Mamlaka ya Mapato (TRA), asilimia 1 ya kodi ya mwaka, na mkataba usiolipiwa unaweza kuwekewa pingamizi usipokelewe. Pingamizi hilo huondoka ukilipa ushuru pamoja na faini yake, basi ni heri ulipe kabla ya tarehe ya shauri. Leta mkataba halisi. Kama halisi anao mwenye nyumba, mpe notisi ya maandishi aulete. Asipouleta, unaweza kuomba nakala yako ipokelewe.

Wenye mgogoro wa paa linalovuja wapige picha mvua ikinyesha, kati ya Novemba na Aprili. Picha ya Julai, Mbeya ikiwa kavu na baridi tupu, itaonyesha doa tu.

Usiku wa kuamkia shauri, panga karatasi kwa tarehe, na pembeni ya kila moja andika jina la shahidi atakayeitoa. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza kisheria, kwa hiyo sentensi ya kushika ni hii: "Mheshimiwa mwenyekiti, risiti hii naitambua, ni mimi niliyepewa dukani, naomba baraza liipokee kama kielelezo." Itamke kwa kila karatasi, mpaka bahasha iishe.