"Wagonjwa wanatafutwa": maana ya jaribio la kitabibu kwa mwenye mshipa wa shingo uliobana

Siku hizi tangazo la namna hii halikawii kufika kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mzee wa Tabata, Dar es Salaam, kapata kiharusi kidogo kilichopita chenyewe, kapimwa ultrasaundi ya shingo, na jibu limesema mshipa wa kushoto umebana kwa asilimia 70. Mpwa aliye Marekani kaingia mtandaoni, karudi na linki: kuna hospitali inafanya jaribio na inatafuta wagonjwa wa ateri ya karotidi. Kundi likagawanyika hapohapo. Shangazi anasema mzee apelekwe, atatibiwa bure. Baba mdogo anasema thubutu, wanataka kumfanya panya wa maabara. Wote wawili wamelisoma tangazo kombo, na kwa maoni yangu shangazi ndiye aliyekosea zaidi.

Tuanze na mshipa wenyewe. Weka vidole viwili kando ya koromeo, chini kidogo ya taya, utasikia mdundo. Hiyo ndiyo ateri ya karotidi. Zipo mbili, kulia na kushoto, na kila moja inagawanyika shingoni: tawi moja linapeleka damu kwenye ubongo na jicho, jingine linakwenda usoni na sehemu za shingo. Hapo kwenye panda ndipo mafuta hupenda kujijenga ukutani mwa mshipa, hasa kwa mtu mwenye presha, kisukari, lehemu (kolesteroli) nyingi au uvutaji wa sigara, na umri ukishasogea. Watu hudhani hatari ni njia kuziba taratibu hadi damu isipite. Mara nyingi mambo hayaendi hivyo. Gamba la mafuta hupasuka, damu ikaganda juu yake, kisha kipande kikachomoka na kusafiri hadi kwenye mshipa mdogo wa ubongo na kuuziba.

Kwa kuwa kila upande wa ubongo unatawala upande wa pili wa mwili, karotidi ya kushoto ikileta shida ni mkono na mguu wa kulia unaolegea, na mara nyingi maneno nayo yanapotea. Jicho ndilo linalokwenda kinyume: giza linaingia kwenye jicho la upande uleule wa mshipa mbovu. Dalili hizi zikija na kuondoka ndani ya dakika kadhaa au saa chache, mji huu una maelezo yake: kapitiwa na kitu kibaya, alale kidogo, asomewe. Kusomewa hakumdhuru mtu, kuchelewa ndiko kunakomdhuru. Kiharusi cha kupita ni taarifa kwamba kikubwa kinaweza kuwa njiani, na siku za mwanzo ndizo zenye hatari zaidi. Kama daktari ataona upasuaji wa mshipa unafaa, faida yake huwa kubwa ukifanyika ndani ya wiki mbili tangu dalili. Mtu wa namna hiyo hakai nyumbani kusubiri majibu ya barua pepe kutoka ng'ambo.

Matibabu yenyewe yako ya aina tatu. Kuna dawa: za kuzuia damu isigande ovyo kama aspirini, statini za kupunguza lehemu, na za presha na sukari kwa mwenye nazo. Kuna upasuaji wa kufungua mshipa na kuukwangua gamba lote la ndani. Kazi ya kurekebisha karotidi kwa mkono wa daktari mpasuaji ilianza miaka ya 1950, na mojawapo ya zile za mwanzo ilifanyika hospitali ya St Mary's, London, mwaka 1954. Na kuna stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachoingizwa kwa kupitia mshipa wa pajani au mwingine, kisha kikatanuliwa palipobana. Tatizo ni kwamba kuukwangua mshipa au kuuwekea stenti kunaweza kukichomoa kile kipande unachokiogopa. Unaingia chumba cha upasuaji kukwepa kiharusi, na wachache wanakipatia humohumo. Basi swali ni hili: mgonjwa gani anapata faida inayozidi hatari hiyo?

Jaribio la kitabibu ni njia ya kulijibu swali hilo kwa watu wengi, kwa utaratibu uliopangwa kabla, ili jibu lisitegemee sifa za daktari wala bahati ya mgonjwa mmoja. Na linafanyika kwa sababu wataalamu hawajui. Hapo ndipo shangazi anapopotea. Angekuwapo daktari anayejua kwa hakika kwamba stenti ndiyo bora kwa mzee huyu, kumwingiza kwenye jaribio la kulinganisha stenti na dawa lingekuwa kosa.

Akili ya kawaida haitoshi hapa, na mwaka 1985 ilionekana wazi. Wapasuaji walikuwa wakiwaunganishia wagonjwa mshipa wa ngozi ya kichwa na mshipa wa ubongo, ili damu ipite pembeni ya karotidi iliyoziba. Kwa maelezo, hakuna kinachopinga: palipoziba, chepusha njia. Jaribio la kimataifa lililoongozwa na Henry Barnett wa Kanada likafuatilia wagonjwa 1,377, na upasuaji ule haukupunguza viharusi. Miaka sita baadaye, 1991, Barnett huyohuyo na wenzake wakatoa matokeo ya jaribio la NASCET kuhusu kukwangua mshipa, na safari hii upasuaji ukashinda kwa mbali. Kwa watu waliokwisha kupata dalili, na mshipa wao umebana kwa asilimia 70 hadi 99, waliotibiwa kwa dawa pekee walipata kiharusi cha upande wa mshipa huo 26 katika kila 100 ndani ya miaka miwili. Waliopasuliwa, 9 katika kila 100. Sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa mapema, maana kuendelea kuwanyima wengine upasuaji kulikuwa hakuna utetezi.

Sasa, ukishakubaliwa kuingia, nani anaamua utapata nini? Si wewe, na si daktari wako. Kompyuta inapanga kwa bahati nasibu, ili makundi mawili yafanane kwa umri, kwa presha, kwa kila kitu, hata kwa mambo ambayo hakuna aliyeyapima. Daktari akiachiwa achague, atawapeleka wenye nguvu kwenye upasuaji na wadhaifu kwenye dawa, halafu tutausifu upasuaji kwa kazi iliyofanywa na afya ya watu. Kwa hiyo mazungumzo ya kweli kliniki yanakuwa hivi:

"Shikamoo daktari. Mzee akiingia humu, atafanyiwa huo upasuaji bure?"

"Marahaba. Huenda akafanyiwa, na huenda asifanyiwe. Hilo silipangi mimi."

Hofu ya kupewa dawa hewa, yaani kidonge kisicho na dawa ndani, haina mahali pakubwa kwenye majaribio haya ya mshipa wa shingo. Kwa kawaida kila mshiriki anapata dawa halisi. Kinachotofautiana ni kama ataongezewa upasuaji au stenti juu yake.

Vigezo vya kuingia ndivyo vinavyowakasirisha watu, kwa sababu mgonjwa hukataliwa akaona amebaguliwa. Ukivichambua, kila kimoja kina sababu. Kwanza wanauliza kama umewahi kupata dalili na lini, maana mshipa uliokwisha kurusha kipande ni hatari zaidi kuliko uliobana kimya. Kuwachanganya hao ni kuharibu jibu. Wanauliza asilimia ya kubana, na kwa kawaida hawatosheki na ultrasaundi moja. Mshipa ulioziba kabisa, asilimia 100, mara nyingi unakutoa nje, jambo linalowashangaza wengi: aliyeziba kabisa si ndiye mgonjwa zaidi? Lakini pasipopita damu hakuna tena njia ya kipande kusafiri, na kujaribu kuufungua kunaweza kuleta madhara. Mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio naye hukataliwa kwenye baadhi ya majaribio, kwa kuwa bonge lake la damu linaweza kutoka moyoni, na baadaye hakuna atakayejua kiharusi kilitoka wapi. Mwenye ugonjwa mwingine mzito, ambaye hatarajiwi kuishi miaka kadhaa, hawezi kujibu swali linalofuatiliwa kwa miaka. Kukataliwa hakumaanishi kwamba huna matumaini ya kutibiwa. Kumemaanisha kwamba swali lao halikuhusu.

Mfano wa karibuni ni jaribio la CREST-2, lililoanza mwaka 2014 na kuchukua watu karibu 2,500, wenye umri wa kuanzia miaka 35, mshipa umebana kwa asilimia 70 au zaidi, na hawajapata dalili za upande ule kwa siku 180 zilizotangulia. Kwa nini walirudia swali lililokwisha kuulizwa? Kwa sababu enzi za NASCET statini ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia sokoni. Dawa za leo ni nyingine, na huenda upasuaji uliokuwa lazima jana leo si lazima. Ndani yake yalikuwa majaribio mawili sambamba: stenti pamoja na dawa dhidi ya dawa pekee, na kukwangua pamoja na dawa dhidi ya dawa pekee. Matokeo yalitoka Novemba 2025. Upande wa stenti, kwa miaka minne, waliopata kiharusi au kifo cha siku za mwanzo, au kiharusi cha upande ule baadaye, walikuwa asilimia 6.0 kwa dawa pekee na 2.8 kwa walioongezewa stenti. Upande wa kukwangua ilikuwa 5.3 kwa 3.7, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema upasuaji umesaidia.

Tarakimu hizo zisome pole pole. Mtu atakuuzia stenti kwa kusema inapunguza hatari kwa zaidi ya nusu, na hajadanganya. Lakini pia ni kweli kwamba kati ya watu 100 waliotumia dawa pekee, 94 hawakupata hicho kilichoogopwa. Na dawa pekee maana yake haikuwa vidonge vya kumeza ukikumbuka: namba ya juu ya presha ishuke chini ya 130, lehemu mbaya chini ya 70, yaani kama 1.8 kwa kipimo ambacho maabara nyingine hutumia, sigara iachwe, na mtu wa kukufuatilia awepo.

Baba mdogo naye ana haki ya kusikilizwa. Historia ya utafiti ina uchafu wake: kule Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa utazamwe unavyokwenda. Sheria za leo zimetokana na aibu za namna hiyo. Hakuna kuingizwa bila fomu ya ridhaa iliyoelezwa kwa lugha unayoielewa, na unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Hapa kwetu utafiti wa afya unapitia kwanza kamati ya maadili, ya kitaifa ikiwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na jaribio la dawa au kifaa linahitaji pia kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Wala si jambo geni: chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Bagamoyo na Korogwe, miongoni mwa sehemu nyingine za Afrika, kabla ya Shirika la Afya Duniani kuipendekeza mwaka 2021.

Je, mzee wa Tabata aingie? Kwa jaribio la ng'ambo, nauli na viza ndiyo mwanzo tu. Washiriki hufuatiliwa miaka, kwa miadi ya mara kwa mara, na aliyepotea katikati analiharibia jaribio jibu lake. Sioni namna mtu wa Dar angemudu hilo, isipokuwa kama anahamia huko. Kwangu jambo la kusikitisha ni kwamba swali lenyewe linatuhusu sana. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na wilaya ya Hai kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa 2010, ulikuta kwamba baada ya kusawazisha tofauti za umri, Dar hupata wagonjwa wapya wa kiharusi karibu 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wakati Hai ni karibu 109. Tena kwetu presha inatawala, na viharusi vya kuvuja damu vina sehemu kubwa kuliko Ulaya. Majibu yaliyopatikana kwa watu wengine hatuwezi kuyavaa yote kama yalivyo.

Kundi la dawa, hata hivyo, halihitaji pasipoti. Aspirini, statini na dawa za presha zipo kwenye maduka ya dawa ya mji huu. Usianze tu aspirini kwa kusoma makala: kama kiharusi kilikuwa cha kuvuja damu, itazidisha balaa, ndiyo maana kichwa hupigwa sitiskani (CT scan) kwanza. Na presha ikishashuka, dawa haziachwi kwa sababu mtu anajisikia mzima. Hilo ndilo linalowaangusha wengi, kuliko kukosa stenti.

Anayetaka bado kulifuatilia tangazo, atafute namba ya usajili. Majaribio yaliyosajiliwa Marekani yana namba inayoanza na NCT ikifuatiwa na tarakimu nane. Yale ya sajili ya Afrika huanza na PACTR. Ukiiweka namba hiyo mtandaoni utaona kama bado linapokea watu au lilishafungwa, kwa sababu matangazo haya huzunguka kwenye simu miaka baada ya kazi kwisha. Lisilo na namba, au linaloomba mgonjwa atume pesa ya kujiandikisha, lifute. Ukienda kwa daktari beba jibu lote la ultrasaundi, siyo picha ya ukurasa wa mwisho: lionyeshe asilimia ya kila upande, tarehe ya kipimo, na siku dalili zilipotokea mara ya mwisho.